Biblia ya Kumi na Mbili

"Huu mwandiko ni wa nani?"

Dobi hakupiga hodi wala hakusalimia. Aliingia kwenye karakana ya mjalidi wa vitabu kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuamua ugomvi, akaibwaga Biblia yake juu ya meza, katikati ya mikasi, uzi na makopo ya gundi, kisha akagonga ukurasa kwa kidole. Siku nne zilizopita aliileta ishonwe upya kwa sababu kurasa zilikuwa zinamwagika. Jana jioni aliichukua ikiwa nzima. Leo asubuhi, kabla hata pasi haijapata moto, aliifungua, na moyo nusura umtoke mdomoni.

Fundi, kijana mrefu ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi, aliweka sindano chini.

"Karibu, dada. Habari za asubuhi?"

"Habari utaletewa baadaye! Nimeuliza, mwandiko ni wa nani?"

"Upi?"

"Wa penseli! Wa kalamu ni wangu. Wa penseli si wangu, na Biblia haijiandiki yenyewe!"

Gundi akainama kuangalia, ingawa alijua fika ataona nini. Ilikuwa ile habari ya Hagari, mjakazi aliyekimbilia jangwani na mimba yake akidhani hakuna anayemwona. Pembeni mwa ukurasa Dobi alikuwa ameandika mengi, herufi ndogo zilizobanana, na mwisho kabisa akaandika hivi: "Hagari ulimwona. Na mimi je?"

Chini yake, kwa penseli, mtu alikuwa amejibu: "Mimi nimekuona."

"Ni wangu," alisema Gundi.

"Kwa hiyo wewe ni Mungu?"

"Hapana. Mimi ni fundi."

Dobi alikuwa amejiandaa kupambana na uongo. Alikuwa na maneno yake yamepangwa vizuri, makali, tangu kule kwenye kona ya barabara. Ukweli ulivyotoka upesi namna ile, maneno yote yakamkimbia.

"Nilitaka kufuta kabla hujaja," alisema Gundi. "Zile nyingine zote nilifuta. Hii imenipita."

"Zile nyingine? Kwani zilikuwa ngapi?"

"Nane." Akajikuna shingo. "Labda tisa."

"Yaani umesoma kila kitu?"

"Dada, kitabu nakishona kwa mkono, karatasi kwa karatasi. Sindano inapopita na macho yanapita. Nilianza kusoma kwa bahati mbaya. Halafu nikaendelea kwa makusudi. Nisamehe."

Dobi akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Na halitatoka mdomoni mwangu."

Alichokijua Gundi ndicho kitu ambacho binadamu mwingine yeyote hakukijua. Miaka miwili nyuma, Dobi alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, na mchumba wa mtoto wa pekee wa Mwenyekiti wa kina mama wa kanisa. Kadi za harusi zimeshasambazwa, gauni limeshaning'inizwa. Siku saba kabla ya harusi, Dobi akiwa anapiga pasi suruali ya mchumba wake palepale kwenye duka la dobi la shangazi yake, aligusa kitu kigumu mfukoni. Kadi ya kliniki ya mtoto. Jina la mama, halijui. Jina la baba, analijua mno.

Bwana harusi hakukana. Alipiga magoti. "Ni kweli, nina mke na mtoto kule mji mwingine. Lakini Mama ana ugonjwa wa moyo. Ukimwambia umemuua." Basi Dobi akavunja harusi, na kila aliyemuuliza sababu alimjibu, "Nimebadili mawazo." Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwamba msichana asiyejua thamani ya ahadi hafai kuvaa joho la kwaya. Dobi alilivua joho lake, akalikunja, akaliacha kwenye benchi, akatoka. Hajarudi.

Na kichekesho chenyewe ni hiki: majoho ya kwaya ile yanafuliwa kwa shangazi yake. Kila Jumamosi Dobi anayapiga pasi, joho moja baada ya jingine, na likiwemo lake la zamani ambalo sasa linavaliwa na msichana mfupi, pindo limekunjwa. Jumapili watu wakienda kuimba, yeye anajifungia chumba cha nyuma na Biblia yake na kalamu, anamuuliza Mungu maswali.

"Naomba kifutio," alisema Dobi kwa sauti iliyopungua.

Gundi akampa. Dobi akakishika, akautazama ule mwandiko wa penseli, akautazama tena. Mwisho akakirudisha kifutio mezani.

"Ngoja nikuambie kitu cha kifundi," alisema Gundi, "halafu kama ni kunipiga unipige. Simamisha Biblia yako. Tazama huku ubavuni, kwenye ncha za kurasa. Huku mwanzoni pamechakaa, pameingia weusi wa vidole. Hapa kwa manabii, kwenye kufoka na kuadhibu, pamechakaa kuliko kote. Sasa njoo huku mwisho, anapoanza Yesu. Unaona nini?"

Dobi akakodoa macho. Pale palikuwa peupe kama siku ilipotoka dukani.

"Miaka miwili unasoma," Gundi akasema, "na hujafika kwake. Mimi si mtu wa kanisa, sijui lolote. Ila nimejiuliza, mtu anakuwaje anasoma habari za hukumu yake tu, asifike kwenye habari za wakili wake?"

Dobi alichukua Biblia yake akaondoka bila kuaga. Alifika kona ya barabara, akagundua kwamba anacheka peke yake.

Wiki iliyofuata alirudi.

"Jalada la nyuma limebanduka," alisema huku akitazama dari.

Gundi akaligeuza, akalichunguza mwangani.

"Halijabanduka. Limebanduliwa."

"Unasemaje?"

"Nasema mtu kaingiza kijiko hapa. Alama hii hapa."

"Utarekebisha au utanihoji?"

"Nitarekebisha. Ila gundi inahitaji saa nzima kukauka. Utasubiri?"

"Nitasubiri," alisema Dobi, na tayari alikuwa ameshavuta kigoda.

Ndivyo walivyoanza. Saa ya mapumziko ya mchana, Dobi anakunja shuka lake la mwisho, anavuka barabara, wanasoma sura moja. Dobi anasoma kwa sauti, Gundi anashona na kusikiliza. Na kwa vile Gundi hakuwahi kusikia hata hadithi moja ya Yesu, alisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za mtaani.

"Subiri, subiri! Huyu Zakayo, mtu mzima, tajiri, kapanda mtini?"

"Kapanda."

"Na Yesu akamwambia shuka, leo nakula kwako? Bila kumwambia kwanza atubu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Dobi! Kwani huyu bwana kila anapokaa kula anakaa na watu ambao wengine hawawataki?"

Dobi aliinua macho. Swali lile lilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Siku ya mwana mpotevu ndiyo iliyomaliza kazi. Dobi alikuwa anaijua hadithi ile tangu utoto, ameiimba, ameiigiza. Aliisoma haraka haraka, na Gundi akamkatiza.

"Rudia hapo. Baba alimwona mtoto akiwa bado mbali?"

"Ndiyo. Akamkimbilia."

"Sasa alimwonaje akiwa mbali, kama hakuwa anatoka nje kila siku kukodolea barabara?"

Dobi alirudi kwenye mstari ule, akaufuata tena kwa kidole. Halafu machozi yakaanza, na katikati ya machozi kicheko, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Gundi! Gundi, unajua nimefanya nini miaka yote hii? Nimekuwa namsoma Mungu kwa sauti ya Mwenyekiti! Kila mstari nausikia kwa sauti yake! Kumbe yuko barabarani! Kumbe ananingoja mimi!"

Alivuka barabara akikimbia, akaingia dukani, akamkumbatia shangazi yake, akashika pasi, akaanza kuimba kwa sauti ya kwanza, ile yenyewe, ambayo kuta za duka lile hazikuwahi kuisikia.

"We mtoto!" Shangazi alipiga kelele. "Unaliunguza joho la besi!"

"Samahani, Shangazi!"

"Na hiyo Biblia, tangu lini Biblia ikabomoka mara tatu kwa mwezi? Unaisoma au unapigia watu?" Akamsogelea, akamtazama usoni kwa makini. "Ni yule mjalidi, sivyo? Usinidanganye. Nguo iliyopigwa pasi na mtu mwenye furaha naijua kwa kuiona."

Dobi akaficha uso kwenye joho lililoungua.

Jioni ile simu ililia mlio wa ujumbe.

"Umefika salama upande wa pili wa barabara?"

Dobi akajibu: "Nimefika. Safari ilikuwa ndefu."

"Nimesoma mbele bila wewe. Sura mbili. Usikasirike."

"Nimekasirika sana. Kesho utarudia yote."

Miezi mitatu ilipita namna hiyo. Halafu Jumatano moja, gundi ikiwa inakauka, Gundi alifuta mikono kwenye aproni mara tatu mfululizo.

"Dobi, nataka tusome hivi mpaka tuzeeke."

"Biblia haiishi, tutasoma tu."

"Sizungumzii Biblia peke yake. Nataka nikuoe."

Moyo wa Dobi uliruka kwa furaha, kisha ukagonga ukuta. Aliinamisha kichwa.

"Nakupenda, Gundi. Hilo sitakuficha. Lakini mimi harusi yangu ni kanisani, na kanisa langu ni lile. Nitasimamaje pale mbele, watu wakinihesabia dakika nitakazokaa kabla sijamkimbia na huyu?"

"Basi tukafungie kanisa lingine."

"Nikienda lingine, ndiyo nitakuwa nimekimbia kweli."

"Basi rudi. Waambie ukweli."

"Nimuue mama wa watu?"

Dobi akamgeuzia kibao.

"Na wewe? Umesoma zaidi ya wazee wa kanisa, unamtetea Yesu kuliko mimi, mbona hujavuka ule mlango hata siku moja?"

"Mimi? Nani ataniruhusu? Ukoo mzima hatuna hata mmoja aliyebatizwa. Nitaingia nikae wapi? Nitasimama wakati wao wamekaa, nikae wakati wamesimama."

"Unaona? Tuko wawili nje ya mlango, halafu unataka tufunge ndoa ndani."

Walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufika mbali. Dobi aliponyanyuka kuondoka, Gundi alisema taratibu, "Niachie Biblia. Safari hii jalada limechoka kweli. Nataka nikutengenezee jipya, hata kama jibu lako ni hapana."

Akamwachia. Siku zilizofuata hakuvuka barabara.

Sasa, wiki ileile, kanisa lilikuwa limemletea Gundi kazi: Biblia kumi na mbili za wasomaji, majalada yamekufa, zote zivalishwe kitambaa cheusi. Gundi, kwa kutaka Biblia ya mpenzi wake ipate kitambaa bora kuliko vyote alivyonavyo, akakata kipande kutoka kwenye jora lilelile jeusi. Akazibana zote kumi na tatu pamoja kwenye kibano, kwa kuwa zilikuwa toleo moja na ukubwa mmoja. Jumamosi mlinzi wa kanisa alipokuja kuchukua mzigo, Gundi alihesabu kwa uangalifu mbele yake, moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Hesabu ilikuwa sawa. Mzigo ukaondoka.

Jumapili asubuhi, saa tatu na nusu, simu ya Dobi ililia. Alikuwa chumba cha nyuma, hana Biblia, hana raha.

"Uko wapi?" Gundi alikuwa anahema.

"Nyumbani. Mbona unahema hivyo?"

"Dobi, kwanza kaa."

"Sikai! Sema!"

"Nimefungua Biblia yako sasa hivi nikuandikie neno ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa kwanza una muhuri wa kanisa."

Dobi akahamishia simu sikio la pili.

"Rudia."

"Hii iliyobaki ni ya kanisa. Yako imekwenda. Nilihesabu idadi, sikufungua hata moja."

"Gundi! Mle ndani kuna kila kitu! Kadi ya kliniki, mke, mtoto, moyo wa mama yake, vyote nimeviandika!"

"Kuna Biblia kumi na mbili pale. Huenda asiichukue mtu. Huenda ikichukuliwa isifunguliwe ukurasa ule."

"Kitabu kile kinafunguka chenyewe pale! Kwa Hagari! Hata ukikiangusha kinafungukia pale!"

"Najua," alisema Gundi kwa sauti ya mgonjwa. "Mimi ndiye niliyekishona. Toka nje, nakuja na baiskeli."

Dobi alimpigia shangazi yake huku akitafuta kiatu cha pili. Simu ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Kisha ukaingia ujumbe, herufi kubwa tupu, kama kawaida ya Shangazi:

"NIKO IBADANI ACHA KUPIGA. MWENYEKITI NDIYE MSOMAJI LEO ILA HASOMI. AMESIMAMA TU ANATAZAMA BIBLIA. SIJUI ANA NINI."

Kiatu cha pili hakikupatikana. Dobi akakitupa na kile cha kwanza, akatoka na ndala za kufulia, zile zenye sabuni.

"Panda!" Gundi alikuwa amefika, Biblia ya kanisa kwapani.

"Breki zipo?"

"Ya mbele!"

Wakateremka mtaa ule kama waliotumwa kuzima moto. Watu walisogea pembeni wenyewe. Dobi alikuwa ameshika mkanda wa Gundi kwa mikono miwili, anaomba kwa sauti: "Bwana, moyo wa yule mama! Ushike moyo wa yule mama! Nimeutunza miaka miwili, usiupasue leo!" Aliomba hivyo mpaka lango la kanisa. Kuhusu yeye mwenyewe na aibu yake hakukumbuka kuomba kitu.

Alipojitambua, alikuwa ameshavuka mlango, yuko katikati ya kanisa na ndala zake za sabuni, watu wote wamegeuka. Mbele, kwenye meza ya msomaji, Mwenyekiti alikuwa amesimama, kitambaa cheupe kichwani, mikono yote miwili juu ya kitabu cheusi. Mchungaji alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake, hajui akae au asimame.

Mwenyekiti aliinua macho, akamwona. Akakichukua kitabu, akashuka, akaja taratibu katikati ya mabenchi mpaka alipofika mbele ya Dobi.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Mama, naomba tutoke nje tuzungumze."

"Nimekuuliza, ni wako?"

"Ni wangu, Mama. Lakini si hapa. Mama, keti kwanza, nakuomba keti."

"Sitoki nje," alisema Mwenyekiti. "Nilikutoa mbele ya watu. Sitakurudisha kwa mlango wa nyuma."

Akageuka upande wa benchi la pili. Pale alikuwa amekaa mwanawe, suti imenyooka, uso umegeuka rangi ya majivu.

"Wewe. Simama."

Akasimama.

"Hiki kilichoandikwa humu, ni kweli?"

"Mama, huyu msichana ana..."

"Sikukuuliza kuhusu huyu msichana! Nauliza, ni kweli au si kweli?"

Bwana yule alitazama sakafu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na aliyeficha yake miaka mitano alikuwa ameumbuka kanisani, saa nne kasorobo ya asubuhi.

"Ni kweli, Mama."

Kanisa zima lilivuta pumzi kwa pamoja. Dobi akajisogeza karibu, mikono tayari kumdaka Mwenyekiti akianguka. Lakini Mwenyekiti hakuanguka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ngumu.

"Ina maana nina mjukuu?"

Akapiga hatua moja kuelekea benchi la pili.

"Nimeuliza, nina mjukuu?"

"Unaye, Mama," alijibu mwanawe. "Wa kike. Ana miaka mitano."

"Miaka mitano!" Mwenyekiti alipiga kelele, na machozi yakamtoka yote mara moja. "Miaka mitano nina mjukuu, mimi kila siku naomba Mungu anipe mjukuu! Umeniweka kwenye magoti miaka yote hii niombe kitu ambacho nilikuwa nimeshapewa!"

Kisha akamgeukia Dobi, akamshika mabega.

"Na wewe, mwanangu. Humu umeniombea. Nimesoma. Nimekutukana, nimekuvua joho, nawe unaandika, 'Mungu, mlinde yule mama.' Kwa nini hukuniambia?"

"Niliambiwa moyo wako hautaweza, Mama."

"Moyo wangu!" Akajipiga kifuani. "Miaka miwili nimelala na hasira juu yako. Hiyo ndiyo ingeniua, si ukweli! Nisamehe. Nasema mbele ya hawahawa niliokusema mbele yao. Nisamehe, mwanangu."

Dobi alitaka kusema maneno mazuri, ya kimaandiko, maana alikuwa nayo mengi. Hayakutoka. Alimkumbatia tu yule mama, na vigelegele vikapasuka kutoka kila benchi, cha kwanza kabisa kikiwa cha Shangazi, ambaye alikuwa amesimama juu ya benchi na viatu vyake.

Mchungaji akakohoa. "Basi, kina mama, tuendelee na ibada?"

"Mchungaji, ibada ndiyo hii," alijibu Mwenyekiti. Akampa Dobi Biblia yake. "Mimi somo limenishinda. Soma wewe."

"Mama, na hizi ndala?"

"Soma."

Dobi akaanza kwenda mbele, kisha akasimama. Aligeuka kutazama mlangoni. Gundi alikuwa bado nje, ameshika usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja, Biblia ya kanisa kwa mkono mwingine, anachungulia.

"Gundi! Ingia!"

"Niko sawa hapa," alisema, watu wote wakimgeukia. "Nimeleta hii ya kumi na mbili. Nitaiacha hapa mlangoni."

"Nimesema ingia!"

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli iache nje, hiyo haijaokoka!"

Kanisa likacheka. Gundi hakucheka. Alikuwa amekazia macho kizingiti.

"Mimi sijabatizwa," alisema, safari hii akimwambia Mchungaji. "Sijui kukaa wala kusimama kwenu. Nimeanza kumsoma juzi tu."

Kabla Mchungaji hajajibu, Mwenyekiti alikuwa ameshafika kwenye benchi lake, lile la mbele ambalo watu huogopa kulikalia, akawapungia mkono wenzake.

"Sogeeni huko. Sogeeni! Kijana, njoo ukae hapa karibu na mimi. Nikisimama, simama. Nikikaa, kaa. Ukikosea, tutakosea wote."

Gundi akaingia. Akakaa. Na Dobi, kwa sauti ambayo kanisa lile halikuwa limeisikia miaka miwili, akasoma habari ya Hagari yote, tangu alipokimbia mpaka alipojua kwamba anaonekana, na hakusimama njiani hata mara moja.

Ibada ilipokwisha alimkuta Gundi nje, amezungukwa na kina mama wanaotaka Biblia zao zijalidiwe. Akamvuta shati.

"Lile swali lako la Jumatano."

"Lipi?" Gundi alijifanya hajui, lakini masikio yalishakuwa mekundu.

"Liulize tena."

"Hapa? Na gundi kwenye kucha?"

"Na mimi nina ndala za sabuni. Uliza."

Akauliza. Kilichofuata Shangazi alikisimulia mtaa mzima, kila mara akiongeza chumvi kidogo, kwa hiyo tukiache hapo.

Gundi alibatizwa mwezi uliofuata, akatoka majini akitabasamu, amelowa mpaka penseli iliyosahaulika mfukoni. Miezi miwili baadaye harusi ikawa kanisa lilelile. Mwenyekiti alikaa mbele, mjukuu mapajani, mkwe wake ambaye miaka yote hakumjua amekaa kulia kwake, na mwanawe nyuma ya wote watatu, amenyamaza kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kwaya nzima ilikuwa na majoho yaliyonyooka mpaka yanakata, ila la besi lilikuwa na kiraka.

Watani hawakukosekana. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda kusimama mlangoni, akatanua mikono akasema, "Leo hapiti mtu!" Watu wakacheka, na bibi harusi akacheka kuliko wote.

Mchungaji akafungua kitabu chake. Akamtazama Dobi.

"Binti, je, unakubali kumpokea..."

"Nakubali!"

"Binti, ngoja kwanza nimalize swali."

"Mchungaji, mimi nimengoja nje miaka miwili. Nakubali!"